Mkanda wa Uzi Mwekundu

Alhamisi, 7 Machi

Sista wa kliniki ya utafiti amenipa daftari hili na kalamu juu yake, utadhani naanza darasa la kwanza. Kila jioni niandike namba, kuanzia sifuri hadi kumi. Sifuri ni mtu asiyeumwa popote. Kumi ni yule anayeomba afe. Chini ya namba niweke "maelezo kidogo". Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema, "Andika upendavyo, baba. Mimi nanakili namba tu, maneno yako sina muda nayo." Vizuri sana. Basi nitasema.

Mimi ni dobi. Mwaka wa ishirini na mbili huu nanyoosha nguo za watu kwenye chumba alichotuachia marehemu baba, mimi na kaka yangu. Kaka anapokea na kufua, mimi napiga pasi. Miaka mitatu sasa mwili wangu wote unauma: mabega, kiuno, mapaja, mpaka ngozi ya kichwa nikichana nywele. Nimepigwa picha, nimetolewa damu, na kila karatasi inarudi ikisema mzima. Kaka akisikia neno hilo anacheka kwa pua. Ameniita Yai, kwa kuwa ati nikiguswa navunjika. Sasa hata wateja wananiita Yai.

Daktari wa utafiti ndiye wa kwanza kunipa jina la ugonjwa, fibromialjia. Kasema mifupa yangu haina kosa, ila mishipa ya fahamu imekuwa kama redio iliyokwama sauti juu, kitu kidogo kinapigiwa kelele kubwa. Machozi yalinitoka mbele yake, mtu mzima mimi. Sikulia kwa ugonjwa. Nililia kwa kuwa ameniamini.

Wanajaribu tiba mpya, na si ya kumeza. Ni mkanda wa kitambaa unaovaa kiunoni kwa saa mbili kila siku. Una kimfuko, na ndani ya kimfuko kuna kiboksi kinachopitisha umeme mdogo mgongoni. Wagonjwa tuko sitini. Nusu wana kiboksi cha kweli, nusu cha bandia. Vyote vinachomachoma dakika ya kwanza, halafu cha kweli kinaendelea chini chini na cha bandia kinalala, na ngozi haijui tofauti. Hata sista hajui nani ana kipi. Kadi yangu ni namba 27, na kiboksi nyuma kimeandikwa 27. Wiki kumi na mbili, kisha watahesabu.

Kwenye benchi nilikaa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu, ana ugonjwa huu huu na fimbo mkononi. Aliniuliza namba yangu. Nikamwambia nane. "Mimi tisa," akasema. "Nimekushinda." Tulicheka mpaka sista akatukodolea macho.

Mvua imeanza leo. Nane.

Ijumaa, 8 Machi

Nane. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Nane. Kiboksi kinachoma dakika moja kama umekalia sisimizi, kisha kimya. Mke wangu anauliza, "Ni cha kweli?" Nimemwambia nikijua mimi atajua na yeye.

Jumanne, 12 Machi

Tisa.

Mashuka themanini ya nyumba ya wageni. Hayakukauka kwenye kamba, kwa hiyo yalikuja mezani mabichi, na shuka bichi linataka ulilalie kwa uzito wako wote. Kufika la hamsini mikono ilikuwa si yangu. Nikavuta kreti la soda, nikakaa, nikaendelea kupiga pasi nimekaa. Kaka akaingia na beseni.

"Nini hii?"

"Nakaa kidogo, kaka."

"Pasi haipigwi umekaa. Baba alisimama kwenye meza hii hii mpaka wiki aliyokufa. Umemwona wapi dobi amekaa?"

"Naumwa, kaka."

"Unaumwa wapi? Weka kidole nione."

Nikainua kidole, nikakosa pa kukiweka. Ningekiweka kila mahali tungekesha. Mteja mmoja alikuwa mlangoni na gauni lake mkononi, akacheka. Si cheko baya, lakini lilinichoma kuliko kiboksi. Nikasukuma kreti kwa mguu, nikasimama, nikamaliza yote themanini.

Jioni kaka akasema polepole, na hapo ndipo ninapomwogopa, akisema polepole: "Nakupa mpaka mvua ziishe, Yai. Zikiisha hujashika meza kama mwanaume, namleta mtu mwingine kwenye pasi. Wewe utakaa nyumbani na umeme wako."

Kazi nyingine sijui. Na meza ile baba alitufundishia wote wawili.

Jumatano, 13 Machi

Nane. Nimejikaza kisabuni. Hatusemezani.

Jumamosi, 16 Machi

Saba.

Jumatatu, 18 Machi

Saba. Mvua mchana kutwa.

Jumanne, 19 Machi

Sita. Sisemi kitu.

Alhamisi, 21 Machi

Sita. Leo kliniki. Sista akanakili namba, akafunga daftari, akaita mwingine. Mwalimu bado ni tisa. Ana mjukuu wa miezi saba, binti yake kamrudia nyumbani na mtoto, na yeye hawezi kumpakata. "Nakaa pembeni namtazama kama mgeni," akasema. "Anainua mikono nimbebe, mimi najifanya natafuta miwani." Hapo hatukucheka.

Daktari alitupitia, akasema kuna mengine yanajaribiwa huko na huko: wengine wanapewa dozi ndogo sana ya dawa ya zamani, wengine sumaku ya kichwani, wengine mazoezi kwenye maji ya uvuguvugu. Hakuna inayomfaa kila mtu, akasema. Mwalimu akamwambia, "Mimi hata inayonifaa Jumanne tu nitaipokea."

Alhamisi, 28 Machi

Nne!

Nimeamka nikavaa shati mwenyewe. Mke wangu amezoea kunifungia vifungo, akabaki na mikono hewani. Nimepiga pasi mashati arobaini na suti mbili, na mikunjo ya suruali imesimama wima. Kaka alipita mara tatu akijifanya anatafuta vibanio. Mara ya nne akasema, "Haya." Neno moja tu, lakini mimi namjua, kwake hilo ni hotuba.

Jumanne, 2 Aprili

Nne. Nimecheza na watoto mpira kwenye korido. Mama yao akatufukuza.

Alhamisi, 4 Aprili

Nne. Kliniki. Mwalimu tisa. Nilitaka kuificha namba yangu, akaniwahi: "Usinionee haya. Mmoja wetu akipona nitajua angalau ugonjwa unaponeka."

Mkanda wake unanuka jasho. Karatasi inasema ufuliwe kwa mkono, kiboksi kisilowe, na yeye vidole vyake haviwezi kukamua kitu. Nikamwambia mbele yake yuko dobi, aibu gani hii? Akanipa pale pale, mkanda na kiboksi chake. Binti yake atakuja kuuchukua kesho jioni. Na wangu nitaufua hapo hapo.

Ijumaa, 5 Aprili

Nne. Siku ya hovyo. Umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, ukakatika. Mashuka ya nyumba ya wageni yakaja tena, na kaka anaita kutoka uani kila dakika. Kichwa changu kilikuwa na ukungu, ule ukungu wa ugonjwa huu, unashika kitu unasahau umekishika. Lakini mikanda nimeifua, nimeisuuza, nimeikausha kwa pasi juu ya kitambaa. Inafanana kama pacha. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikashona alama ya uzi kwenye pindo, mwekundu wangu, mweupe wa Mwalimu. Miaka ishirini na miwili sijachanganya hata soksi ya mteja. Binti yake amekuja, kabeba mtoto mgongoni. Mtoto mnene kweli.

Jumatatu, 8 Aprili

Tano.

Jumatano, 10 Aprili

Sita. Ni mvua hii.

Jumamosi, 13 Aprili

Nane. Mke wangu amerudi kwenye vifungo.

Jumatatu, 15 Aprili

Nane. Nimeunguza kola ya shati la mteja. Kaka akaliinua akalitazama mbele ya dirisha. "Naona Yai amerudi," akasema.

Alhamisi, 18 Aprili

Nane.

Mwalimu amekuja kliniki bila fimbo.

Niliona kilemba chake kwanza, kinakuja upesi, nikadhani ni mtu mwingine. Akajitupa kwenye benchi, akavuta pumzi, akasema, "Nne! Niulize tena." Nikamuuliza tena. "Nne, dobi wangu!" Amemwogesha mjukuu mwenyewe. Amembeba kutoka chumbani hadi barazani na kurudi, mara sita, anahesabu hatua. Binti yake alilia. Akanishika mkono, "Mkono wako una baraka. Tangu uufue mkanda ule."

Nilimfurahia. Kweli nilimfurahia. Halafu nikamwonea wivu mpaka mate yakawa machungu. Naandika yote, si sista hasomi?

Jumatatu, 22 Aprili

Tisa.

Leo nilikitoa kiboksi kubadilisha betri. Nikakigeuza. Kimeandikwa 31.

Nikachukua kadi. 27. Nikafuta kiboksi kwa kidole, nikadhani ni uchafu. 31.

Nimekaa kitandani nikirudi nyuma siku ile ya umeme kukatika, na sasa naona kila kitu. Niliviweka viboksi vyote viwili kwenye sahani moja kavu, nikafua, nikakausha, nikashona uzi mwekundu na mweupe, nikaona kazi imekwisha. Mkono wa dobi unaweka alama kwenye kitambaa. Kitambaa ndicho cha mwenyewe, ndivyo nilivyofundishwa. Sikufikiri kabisa kwamba siku ile kitambaa kilikuwa si kitu, na kitu chenyewe kimelala kwenye sahani bila uzi wowote. Nikavirudisha ovyo huku kaka ananiita.

Kwa hiyo mkanda ni wangu. Kiboksi ni cha Mwalimu. Na changu, kile kilichonishusha hadi nne, anacho yeye, na mjukuu wake anabebwa kwa umeme wangu.

Jumanne, 23 Aprili

Tisa. Nimwambie sista, watatutoa wote wawili, maana namba zetu zimeharibika. Nimwambie Mwalimu, atanirudishia papo hapo, yule mama hana tamaa. Kisha atarudi kwenye fimbo.

Nikinyamaza, mimi ndiye nimekwisha.

Jumatano, 24 Aprili

Tisa. Sijasema.

Alhamisi, 25 Aprili

Tisa. Kaka amemleta jamaa kuiona meza. Alikuwa mpiga pasi wa hoteli, mabega mapana, kazi imemwisha huko. Akaishika pasi yangu akaipima uzito mkononi. Nilikuwepo. Kaka akasema, "Anatazama tu." Jamaa mwenyewe alinionea haya, akaniambia "pole, bwana mkubwa", na hiyo pole ndiyo iliyonimaliza. Mvua zinapungua. Juzi mchana mzima haikunyesha.

Jumapili, 28 Aprili

Nane. Jua.

Jumatatu, 29 Aprili

Binti wa Mwalimu ameleta mkanda ufuliwe tena. "Mama anasema ni wewe tu, hataki mwingine auguse."

Niliufua. Niliukausha. Nilikuwa peke yangu, kaka ameenda kununua sabuni. Viboksi viwili juu ya meza, 27 na 31, safari hii kila kimoja kwenye kitambaa chake.

Nilijiambia ni changu. Kadi inasema 27. Nikikirudisha nasahihisha kosa, siibi, utafiti wenyewe unataka hivyo. Nilijiambia hayo yote, nikaona yana maana. Mtu anayerudisha chake hatazami mlango mara tatu.

Nimechukua 27. Nimemwekea 31. Nimeshindilia kimfuko, nikaukunja mkanda vizuri sana, vizuri kuliko siku zote.

Tisa.

Alhamisi, 2 Mei

Saba. Kliniki. Sista alilishika daftari hili mikononi mwake, na ukurasa wa tarehe ishirini na tisa ukafunguka wazi mbele yake. Akanakili "tisa", akaniuliza ya leo, akaandika "saba", akafungua ukurasa mwingine. "Naona unashuka, baba. Vizuri."

Mwalimu alisema siku mbili hizi usiku hajalala vizuri. Labda godoro.

Jumatatu, 6 Mei

Sita.

Alhamisi, 9 Mei

Tano. Nimemaliza mashuka ya nyumba ya wageni kabla ya saa nane mchana. Kaka amemwambia yule jamaa wa hoteli asisumbuke kuja. Amenishika bega, lile lililokuwa haliguswi, akalitikisa. "Sasa ndiyo wewe," akasema. Nilimngoja kwa miaka mitatu aseme hivyo. Nikainamia pasi nisimtazame.

Jumapili, 12 Mei

Nne.

Alhamisi, 16 Mei

Nne.

Fimbo imerudi. Niliisikia kabla sijamwona, kok, kok, kwenye sakafu ya korido. Alikaa kwa awamu, kwanza mkono, kisha nyonga, kisha mgongo. Hakuniuliza namba. Nikajikuta nimeuliza mimi, sijui kwa nini, mdomo tu.

"Tisa," akasema. "Na nusu, lakini nusu hawaandiki."

Kisha akasema, "Najilaumu, dobi. Labda nilifurahi mapema. Nilibeba mtoto kupita kiasi, nikauchosha mwili." Jumatatu alikuwa amembeba, mkono ukamwishia nguvu, mtoto akateleza. Binti alimdaka mguu. Mtoto hakuumia. Tangu siku hiyo binti hampi tena. "Na simlaumu. Ningekuwa mimi nisingempa."

Nilikuwa nimevaa mkanda ndani ya shati. Kiboksi kilikuwa mgongoni mwangu, umbali wa mkono wake. Sikusema. Sista aliita jina langu, nikainuka kama mtu asiye na hili wala lile, nikaenda kupimwa presha.

Nyumbani nimemwambia mke wangu kila kitu. Alikuwa anakunja nguo za watoto. Hakuacha kukunja. Alipomaliza akasema, "Baba, mimi nilishazoea vifungo. Hili sitalizoea."

Ijumaa, 17 Mei

Nne.

Jumamosi, 18 Mei

Nne. Sikuuvaa mkanda leo. Nimeutundika msumarini, unanitazama.

Jumatatu, 20 Mei

Nimeenda kwa Mwalimu.

Nyumba ndogo, vitabu hadi juu ya kabati la vyombo. Binti alinikaribisha kwa furaha, akaniletea kiti, kisha akatoka uani na mtoto. Mwalimu alikuwa amejilaza kwenye kochi, mto chini ya kila kiungo. Nikauweka mkanda wa uzi mwekundu mezani, nikamwambia. Nilianza katikati, akanirudisha mwanzo. Ndivyo walivyo walimu.

"Kosa la kwanza ulifanya lini?"

"Tarehe tano Aprili, Mwalimu. Lile lilikuwa bahati mbaya. Nilikuwa na ukungu."

"Naujua ukungu. Ukagundua lini?"

"Ishirini na mbili."

"Na mimi nilileta mkanda mara ya pili tarehe ngapi?"

"Ishirini na tisa."

Akahesabu kwa vidole, au akajifanya anahesabu. "Kwa hiyo ulikuwa na wiki nzima ya kufikiri."

"Ndiyo."

"Na ulichofikiri ndicho hicho."

"Ndiyo, Mwalimu."

Uani mtoto alikuwa anacheka na kitu. Mwalimu akageuza uso kwenye ukuta. Nilisema nimemletea kiboksi akichukue, kikae kwake, mimi nirudi na kile kingine, hakuna atakayejua. Hapo ndipo alipokasirika. Mpaka hapo hakuwa amekasirika.

"Unataka nami niwe kama wewe? Nilijilaumu mimi! Nimelala hapa siku kumi naulaumu mgongo wangu, nauambia umenisaliti. Binti yangu ananiogopa na mtoto wake. Kumbe ni wewe." "Kesho asubuhi tutaenda kliniki wote wawili. Na utasema wewe, mimi nitakaa."

Nikauliza kama nimsaidie kunyanyuka. Akasema nimsaidie kwa kuondoka.

Sita.

Jumanne, 21 Mei

Nilisema mimi, yeye akakaa.

Daktari hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema wote wawili tunatoka kwenye utafiti, viboksi vibaki hapo. Kama changu kilikuwa cha kweli au la, hatatuambia. Orodha imefungwa mpaka mgonjwa wa mwisho amalize, na huenda ikawa mwakani. Mwalimu akamwambia, "Mwenzangu huyu na mimi tumeshaisoma hiyo orodha kwa miili yetu." Daktari akasema huenda, na huenda ni mvua, na huenda ni furaha, ndiyo maana wanahitaji watu sitini na si wawili. Kiboksi kikionekana kinafaa watatuita, lakini haahidi. Kwa sasa tumeandikiwa mazoezi ya maji ya uvuguvugu, yeye Jumanne na mimi Ijumaa, vikundi tofauti. Mwalimu ndiye aliyeomba vikundi tofauti.

Sista akanirudishia daftari. "Chukua, baba. Hizi namba hazina kazi tena."

Mwalimu aliondoka mbele yangu. Kwenye ngazi alisimama kila kipandio. Sikuthubutu kumshika mkono.

Tano.

Ijumaa, 24 Mei

Saba. Sijui naandikia nani, nimezoea. Maji ya uvuguvugu ni mazuri ukiwa ndani. Ukitoka umerudi ulipokuwa.

Jumatatu, 27 Mei

Nane. Mvua zimeisha, anga ni jeupe tangu juzi. Kaka hajasema kitu kuhusu jamaa wa hoteli. Anaona mikono yangu.

Jumanne, 28 Mei

Mashuka. Nilipofika la thelathini nilikwenda uani kupumua, nikaacha daftari mezani. Kaka naye ana daftari la mashuka la rangi hii hii, akalichukua la kwangu akidhani ni lake. Niliporudi alikuwa amesimama dirishani anasoma. Nikasema, "Kaka, hilo ni langu." Akaninyooshea kiganja, ningoje. Akaendelea kusoma. Pasi ilikuwa inawaka bure, nikaizima. Alisoma mpaka mwisho, kisha akarudi mwanzo.

"Tarehe kumi na mbili Machi umeandika tisa."

"Ndiyo."

"Siku ya kreti."

"Ndiyo."

"Na uliyamaliza yote."

"Themanini."

Akafungua ukurasa mwingine, midomo inacheza. "Mimi nilijua unaigiza. Nakwambia ukweli, nilijua hivyo kabisa." Akagonga ukurasa wa ishirini na tisa Aprili kwa ukucha. "Lakini mtu anayejiandika ubaya wake namna hii, mtu hajamuuliza, hawezi kuwa amedanganya namba."

Akaweka daftari juu ya mashuka, taratibu. Akasema bila kunitazama, "Baba ile wiki ya mwisho alikuwa anaegemea ukuta. Nilimwona. Nikatoka nje ili asijue nimemwona."

Alitoka. Nilidhani ndiyo imekwisha, ameenda kumwita jamaa wa hoteli. Akarudi na stuli ndefu ya kinyozi wa jirani, kaibeba begani, kaitua mbele ya meza, kaitikisa aone kama inayumba.

"Kaa."

"Pasi haipigwi umekaa, kaka."

"Usinijibu kwa maneno yangu. Kaa!"

Nikakaa. Nililia juu ya foronya za watu, ikabidi nizipige tena. Nane, lakini nane ya kukaa.

Ijumaa, 31 Mei

Asubuhi binti wa Mwalimu alikuja na mfuko. Hakunisalimu kama zamani, alisema "shikamoo" ukutani. Mtoto hayuko naye. Nikauliza kwa woga yuko wapi. "Na bibi yake, kitandani. Anamlaza pembeni yake, hambebi." Akaondoka.

Ndani ya mfuko kuna nguo ndogo ndogo za mtoto, na karatasi imekunjwa mara nne, mwandiko wa ubaoni:

"Vipande kumi na kimoja. Sijakusamehe. Usichanganye."

Nimevihesabu. Ni kumi na kimoja. Nimetoa uzi mweupe, nikavaa miwani, nikashona alama kwenye kila kimoja, mpaka kwenye soksi, na nikimaliza kimoja nakigeuza nakitazama ndani na nje. Kaka akaja na beseni, akasimama nyuma ya stuli.

"Namba ngapi leo, Yai?"

"Nane, kaka."

Akachukua mfuko wa nguo za mtoto mikononi mwangu. "Hizi nitazifua mimi kwa mkono, mbali na za wengine," akasema. "Wewe maliza kukaa."